Miaka Yangu kwenye Meza ya Kuediti, Moshi na Arusha

Kijana akinipigia simu kuniambia anataka kuingia kwenye kazi ya makala za televisheni, swali lake la kwanza huwa kamera. Anunue ipi, ya bei gani, lenzi ngapi. Namwambia asinunue kitu. Atafute mtu mwenye kompyuta na kazi nyingi kuliko muda, akae pembeni yake aediti. Wengi huona nawazungusha. Lakini nimekuwa kwenye kazi hii tangu enzi za kanda, nimeediti, nimeshuti, sasa nasimamia utayarishaji, na karibu kila hasara niliyoshuhudia ilitokana na mtu aliyekwenda uwanjani bila kujua mezani kunahitajika nini.

Nilianza 2004, Moshi mjini, kwenye studio ya video za harusi si mbali na stendi kuu. Niliajiriwa kupokea wateja na kuandika risiti. Kamera zilikuwa za kaka wawili, na hakuna aliyewaza kumpa msichana kamera Jumamosi ukumbi umefurika. Kilichoniingiza kwenye ufundi ni uvivu wa wenzangu. Tulitumia kanda za MiniDV za dakika 60, na kuingiza kanda moja kwenye kompyuta kulichukua dakika zilezile 60, maana ni lazima icheze mwanzo hadi mwisho. Saa moja ya picha ilikula gigabaiti kama 13. Harusi yenye sendofu, ibada na tafrija ilirudi na rundo la kanda. Nani akae azitazame? Nikakaa mimi.

Ukitazama harusi za watu mwaka mzima bila kuruka sekunde, unafika mahali unamwona mpiga picha kama mwalimu anavyomwona mwanafunzi kupitia daftari lake. Kamera haitulii. Inavuta karibu, inarudi mbali, inamfuata MC, inamwacha. Mama wa bibi harusi anaanza kufuta machozi, na hapo hapo kamera inakimbilia ndafu, yule mbuzi mzima wa kuokwa, inayoingia ukumbini, kwa kuwa ndafu ndiyo yenye shangwe na vigelegele. Mezani nilitaka sekunde tano za uso wa yule mama. Nikapata moja na nusu, tena imetikisika. Nikaanza kuwaambia kaka zangu: ukipata picha ishike, hesabu moyoni hadi kumi ndipo uondoke. Walicheka mpaka pale mama mmoja wa Kiboriloni alipokuja studio kuuliza kwa nini kwenye harusi ya mwanawe mbuzi ameonekana kuliko yeye.

Mpaka leo nikimtuma mtu uwanjani, hiyo hesabu ya kumi ndiyo ninayomwachia. Sekunde kumi zilizotulia, mikono ya mzee ikimenya kahawa, mlango ukifunguliwa, mtoto akikoroga uji, zinafunika mkato wowote wa mahojiano. Kamera inayozurura dakika mbili haifuniki kitu.

Baada ya harusi nikahamia Arusha, kwenye ofisi ya mkoa ya kituo kimoja cha televisheni. Huko nilijifunza mwendo. Habari ya dakika mbili, saa chache za kuitengeneza, na miaka ile mara nyingi kanda ilisafiri kwa basi la alfajiri kwenda Dar es Salaam ikiwa na karatasi ya maelezo imefungwa kwa raba bendi. Mhariri wa kule hakuwa ameona Arusha siku hiyo na wala hakunifahamu. Kama hukuandika nani ni nani, mkuu wa wilaya angepewa jina la mkulima wa Ngaramtoni. Ndipo nilipozoea kuandika: jina kamili, cheo, kijiji, tarehe, na mhusika mwenyewe ataje jina lake mbele ya kamera kabla swali la kwanza halijaulizwa. Leo hakuna kanda wala basi, picha zinapaa kwa intaneti, ila nimeona diski za terabaiti mbili zilizojaa mafaili yenye namba tupu. Hiyo ni kazi iliyopotea na bado imo kiganjani.

Arusha ya miaka ile ilikuwa na kitu kingine: Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, iliyokuwa pale AICC, kituo cha mikutano cha kimataifa, hadi ilipofungwa mwishoni mwa 2015. Waandishi na watengeneza filamu wa nje walikuja, walihitaji wenyeji wa kubeba, kuendesha gari, kupiga simu. Nilifanya kazi hizo za pembeni na zililipa kuliko mshahara wangu. Kikubwa nilichokipata kule ni urafiki na dada mmoja mkalimani. Mashauri yale yaliendeshwa kwa Kiingereza na Kifaransa, na mashahidi wengi walizungumza Kinyarwanda, kwa hiyo neno la shahidi lilipita mikononi mwa watu kadhaa kabla halijafika kwa jaji. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba mkalimani anayefupisha ni hatari kuliko anayekosea, kwa sababu anayekosea utamkamata. Nilimwitikia tu. Niliielewa kauli ile nilipoanza makala ya mifongo.

Mifongo ni mifereji ya asili ya Wachaga inayochepusha maji kutoka mito ya Kilimanjaro na kuyashusha hadi vihambani, kwenye migomba na kahawa. Ina wenyewe, ina zamu, na ina siku za kazi ambapo kila kaya hutoa mtu wa kuzibua. Asiyetoka hutozwa faini, na zamani faini hiyo ilinywewa ikiwa mbege, pombe ya ndizi. Shirika moja lilitaka filamu ya dakika ishirini na sita juu ya maji na ushirikiano. Mimi ni mzaliwa wa Kibosho, nikaona hii ni kazi ya nyumbani kabisa.

Wazee walizungumza vizuri mno. Niliwapa Shikamoo zao, tukakaa chini ya mgomba, nikawaachia wazungumze kwa lugha yao maana mzee akilazimishwa Kiswahili mbele ya kamera anakuwa kama anajibu maswali ya polisi. Hiyo ilikuwa sahihi na ningeirudia leo. Tatizo ni kwamba Kichaga ni vichaga. Ninakielewa cha kwetu Kibosho, cha Machame nakifuata kwa taabu kidogo, cha Rombo kinanipita. Na bajeti ilikuwa na siku moja tu ya tafsiri, iliyofanywa na kijana mwenye haraka zake. Mzee anazungumza dakika tatu, kijana anaandika: “Anasema maji ni ya wote.”

Tukaediti hivyo. “Maji ni ya wote,” sauti ya mzee, picha ya mfongo unang'aa asubuhi, muziki unapanda. Mteja alipenda sana sehemu hiyo, akataka iwe ya ufunguzi.

Kwa bahati, mtendaji wa kijiji alikuwa ametuomba tuwaonyeshe wananchi kabla hatujamaliza, nasi tukakubali kwa heshima tu. Tukafunga projekta kwenye darasa la shule ya msingi. Ilipofika sentensi ile, wazee wakaguna, mmoja akasimama. Akanieleza kwa upole kama mtu anayeongea na mjukuu: “Mama, umenikata ulimi. Nimesema maji ni ya wote waliotoka na jembe.” Nusu ya pili ya sentensi tuliiacha sakafuni. Na nusu hiyo ndiyo iliyobeba filamu nzima, kwa sababu pale kijijini kulikuwa na mgogoro wa watu waliojenga nyumba nzuri, wasiotoka siku ya mfongo, na wanaotaka maji. Tungerusha ile ya kwanza, tungekuwa tumewapa upande mmoja ushahidi kwa mdomo wa mzee aliyekuwa akisema kinyume.

Tulirudi mezani. Nililipa mfukoni mtu mzima mstaafu wa shule, mwenyeji wa kijiji kilekile, atuandikie kila neno na taimkodi yake: dakika, sekunde, alichosema kwa Kichaga, kisha Kiswahili chake mstari kwa mstari. Saa moja ya mahojiano ilichukua siku nzima ya kuandika, wakati mwingine zaidi. Faida yangu kwenye kazi ile ikaishia hapo. Tangu wakati huo tafsiri ina mstari wake kwenye bajeti, nayo haiguswi mteja akianza kupunguza. Kama unafanya kazi Monduli au Longido kwa Kimasai, hesabu vivyo hivyo. Na siku ya kuediti mkalimani awe amekaa ubavuni mwako, akuonyeshe kwa kidole pumzi ya msemaji inapoishia, kwa sababu kwenye lugha usiyoijua utakata katikati ya neno na hutasikia.

Sauti nayo ina mambo yake. Televisheni inasamehe picha mbaya kuliko sauti mbaya. Mtazamaji atavumilia kiza, hatavumilia kutosikia. Kwetu adui wa kwanza ni bati. Mvua za masika zikianza Machi huwezi kurekodi ndani ya nyumba ya bati isiyo na dari, na hata kiangazi bati linapopata joto mchana linaalika, na kila kualika kunaingia kwenye maiki. Adui wa pili ni barabara: vifodi vya Sakina, bodaboda, spika za mahubiri. Nenda mahali pa mahojiano siku moja kabla, saa ileile utakayorekodi, ukae kimya usikilize. Mahojiano yakiisha, waombe watu wote wasiondoke, rekodi sauti ya chumba kitupu kwa dakika moja. Watakuona kichaa. Mezani dakika hiyo ndiyo inayoziba matundu kati ya sentensi na sentensi, bila hiyo kila mkato unasikika kama mlango.

Niseme kidogo kuhusu taa, kwa kuwa vijana wengi wanajifunza kwenye video za Wamarekani. Umeme wetu ni wa hezi 50. Ukiweka kamera yako fremu 30 na shata isiyolingana, ukiingia ofisini kwenye taa za tyubu picha itapepesa na hakuna namna nzuri ya kuitoa. Weka fremu 25, shata moja ya hamsini, ulale salama.

Mlima wenyewe ni somo refu, nitalipita. Kilimanjaro huonekana vizuri kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili tatu asubuhi, halafu mawingu yanaufunika hadi jioni. Ukiwaahidi wageni picha ya Kibo saa sita mchana umejitafutia aibu. Ukipanda, betri hulala nawe ndani ya begi la kulalia, maana baridi ya usiku hata pale Horombo, mita 3,720, inanyonya chaji. Kamera iliyotoka baridini usiiingize ghafla kwenye joto, itatoa jasho ndani ya lenzi. Na mzigo wa mgumu, yaani mpagazi wa mlimani, hautakiwi kuzidi kilo 20. Nimeona watayarishaji wakibishana na mizani getini kwa sababu ya sanduku la taa ambalo halikuwashwa safari nzima. Hesabu wagumu wa kutosha, walipe vizuri, na waulize majina yao kama unavyomuuliza waziri. Kileleni, mita 5,895, akili yako itakuwa nzito, hivyo orodha ya picha unazotaka iandikwe chini, nyumbani, ukiwa umeshiba.

Vibali vimenichosha kuliko mlima. Kibali cha kutengeneza filamu hutoka Bodi ya Filamu Tanzania, chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976. Ukiingia hifadhi ya taifa kuna TANAPA, Ngorongoro wana mamlaka yao, ndege isiyo na rubani inakupeleka TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga. Halafu kuna barua ya wilaya, na chini kabisa mtendaji na mwenyekiti wa kijiji, ambao wageni huwasahau na ndio wanaoweza kusimamisha kazi asubuhi moja. Usikate tiketi ya mtu kabla karatasi haziko mkononi. Nakala zake ziwe kwenye gari, zimechapwa, kwa sababu askari wa getini hataki kusoma simu yako iliyopasuka kioo.

Kuhusu pesa nimeshaumizwa na mashirika yenye majina mazuri. Sitayataja. Mkataba wangu sasa unagawa malipo mara tatu: kabla ya kushuti, baada ya rasimu ya kwanza, na siku ya kukabidhi. Rasimu zote zina maandishi makubwa katikati ya picha hadi malipo ya mwisho yaingie. Masahihisho ni raundi mbili. Ya tatu inalipiwa, na yanakuja kwa maandishi kutoka kwa mtu mmoja aliyetajwa, maana kuna ofisi zenye wakurugenzi wanne na kila mmoja ana rangi anayoipenda. Mlipaji akikata kodi ya zuio, asilimia 5 kwenye huduma, dai cheti chake siku hiyohiyo. Bila cheti, TRA haina sababu ya kukuhesabia, nawe utalipa tena. Na andikeni mapema picha ghafi ni za nani. Mimi zangu zina nakala tatu: moja ya kazi, moja kabatini Njiro, moja nyumbani kwa mama Kibosho, kwenye kabati la vitenge. Anazilinda kuliko vyombo vyake vya udongo.

Kuna upande ambao hakuna aliyenionya. Mwandishi wa gazeti husikia ushuhuda mzito mara moja. Mhariri wa video anausikia mara arobaini, anarudisha nyuma, anatafuta mahali pa kukata kwenye kilio. Niliwahi kuediti mfululizo wa mahojiano ya mabinti waliokimbia ukeketaji, na kwa miezi kadhaa nikawa nasikia sauti zao nikiosha vyombo. Mume wangu alidhani nimemkasirikia. Sasa kazi za namna hiyo naziediti asubuhi tu, nikivua visikilizio saa saba mchana sirudi tena, na kila nikimaliza sehemu namtafuta mtu wa kuongea naye mambo mengine kabisa, bei ya nyanya pale soko la Kilombero, chochote.

Kwenye mfululizo huohuo kulikuwa na binti mmoja kwenye makazi ya kuwahifadhi mabinti kama hao. Picha zilishutiwa na timu ya mteja, mimi niliajiriwa kuediti. Ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai hapa kwetu tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inamhesabu kuwa mtoto hadi afike miaka hiyo. Kwa hiyo hawezi kujisainia fomu ya ridhaa. Mzazi ndiye anayesaini. Lakini hapa binti amemkimbia mzazi huyohuyo. Fomu niliyoletewa ilisainiwa na dereva wa mradi. Nikakataa kuendelea mpaka afisa ustawi wa jamii na uongozi wa makazi wakae na binti mwenyewe. Mteja alinuna, ratiba ikasogea.

Walikubaliana uso ufichwe. Tukaufifisha kwa uangalifu, fremu kwa fremu, na sauti tukaizamisha iwe nzito. Kabla ya kukabidhi nikaomba matroni aitazame. Alitazama kidogo tu akasema, “Kila mtu wa kwao atamjua.” Nikamuuliza kwa nini, uso si hauonekani? Akaonyesha mkono. Bangili ya ushanga. Rangi zile na mpangilio ule vilishonwa na mama yake, na boma zima linaujua mkono wa yule mama. Tulikuwa tumehangaika na uso wiki nzima, na jina lake lilikuwa limeandikwa kwenye kifundo cha mkono. Akaongeza kwamba sauti iliyozamishwa bado ina namna ya binti ya kuvuta maneno. Baadaye fundi wa sauti akanithibitishia kuwa mtu mwenye programu ya kawaida anaweza hata kuipandisha irudi ilivyokuwa.

Tukatoa picha zote za mwili wake. Msichana mwingine mtu mzima, asiye wa eneo lile, akasoma maneno yake, nasi tukaweka juu yake ukuta wa makazi, viatu mlangoni, mbuzi, kivuli cha mti. Mteja alisema filamu imepoa. Kwangu ilibaki na nguvu, na hata kama ingepoa kweli ningeiacha hivyo.

Baada ya kazi ile nimeingiza kipengele kipya kwenye mikataba yangu: wahusika, au mtu wanayemwamini anayejua lugha na mazingira yao, wataonyeshwa toleo la mwisho kabla halijakabidhiwa, na muda huo unalipiwa. Mteja mmoja alikataa kusaini, akachukua kazi yake akampa mwingine. Waliobaki husaini, ingawa kila mara wananiuliza hilo zoezi litachelewesha mambo kwa siku ngapi. Huwa naomba tano, wananipa tatu.